Tangi la maji ya bahari Nachingwea: nilihesabu arobaini, kumbe halihesabiwi

Wakuu, salaam kwenu. Na nyie mnaopita kimyakimya, mnasoma mpaka mwisho halafu hata like hamgongi, salaam zenu pia.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo nimesema liwalo na liwe. Yaliyomo ni yangu mwenyewe na sijayaongezea chumvi, ingawa mada yenyewe ni ya chumvi tupu. Nimebadilisha majina tu, maana Nachingwea ni ndogo na najua kuna shemeji zangu wanapita humu.

Mada ni hii: utajuaje kwamba tangi jipya la samaki wa baharini liko tayari kuwekwa samaki?

Niliwahi kuuliza swali hili kwenye jukwaa la ufugaji. Jibu la kwanza lilikuwa "fuga kuku mkuu". La pili lilikuwa picha ya sangara wa kukaanga. Basi nikajifunza mwenyewe, na humo humo nikajifunza na mengine ambayo sikuyauliza.

Twende taratibu.

Mimi ni fundi wa friji na AC, naishi Nachingwea mjini. Ukikuta friza la duka linagandisha vizuri kuanzia Naipingo mpaka Chiola, uwezekano mkubwa mkono wangu umepita hapo. Sijisifu, ila ndivyo ilivyo.

Mke wangu, tumwite Asha, alikuwa anakaa mapokezi kwenye hoteli moja hapa mjini. Hoteli hiyo ilikuwa na tangi la samaki wa baharini pale unapoingia tu. Tajiri alilileta kutoka Dar ili mgeni akifika ajue amefika sehemu ya maana. Aliyekuwa anawalisha hao samaki ni Asha, kwa sababu wengine wote walikuwa wanasahau.

Binti yetu, tumwite Zuhura, akitoka shule alikuwa anapitia pale. Anavua viatu, anakaa chini mbele ya kioo, anakula andazi lake na kuangalia samaki mpaka mama yake amalize zamu. Nikitoka kazini nawakuta wote wawili hapo. Nilikuwa nalalamika kwamba wananichelewesha kula. Leo hii natamani nicheleweshwe hata siku moja tu, nilale na njaa, sijali.

Asha aliugua. Hakuumwa muda mrefu, akatutoka.

Hilo sitalizungumza sana. Waliofiwa wanalijua, na ambao hamjafiwa nawaombea mchelewe kulijua.

Baada ya arobaini kikakaliwa kikao cha familia. Kwa msiojua mila za huku kwetu kusini, mtoto ana mjomba kabla hajawa na baba. Upande wa mama ndio wenye sauti. Mama mkwe wangu anaishi Malolo, wilaya ya Ruangwa, pamoja na shemeji yangu Salumu, kaka yake Asha. Wakasema mtoto wa kike mdogo vile hawezi kukaa na mwanaume ambaye leo analala Chiola na kesho haijulikani wapi kwa ajili ya mafriji. Ataenda Malolo kwa bibi yake. Siku atakayosema mwenyewe kwamba anataka kurudi kwa baba yake, atarudi. Hakuna wa kumsukuma na hakuna wa kumzuia.

Nilikubali. Waliongea kwa upole na hoja walikuwa nayo. Ila walipoondoka naye nilikaa kibarazani mpaka giza likaingia, jirani akaja kuniuliza kama nimefungiwa nje. Nikamwambia ndiyo.

Sasa turudi kwenye tangi.

Pale hotelini samaki walikufa mmoja mmoja, hakukuwa na wa kuwashughulikia. Siku moja nimeitwa kutengeneza AC, napita stoo, naliona tangi limebebeshwa mifuko ya saruji. Roho iliniuma. Nikamwomba tajiri, akasema chukua fundi, utakuwa umenipunguzia takataka.

Dhamira yangu nitaisema wazi, sitajifanya mpenda viumbe. Nilitaka mwanangu arudi nyumbani. Likizo ya mwezi wa sita ilikuwa imekaribia na Zuhura alikuwa aje kwangu. Nikajipangia kichwani: anaingia ndani, anakuta tangi lilelile, maji yanazunguka, wale clownfish wekundu wenye mistari myeupe wanacheza. Anakaa chini, anavua viatu. Halafu anasema "Baba, nataka kubaki." Hiyo picha nililala nayo na kuamka nayo.

Maji niliyapata kwa dereva mmoja anayeleta samaki wa barafu kutoka Lindi. Nilimpa madumu, akanijazia bahari. Akaniambia wenzako wananiagiza samaki, wewe peke yako unaagiza mchuzi. Mawe na mchanga ni vilevile vya hotelini, niliviosha vikakauka juani. Yaani nilianza upya kabisa, hakukuwa na kiumbe hata kimoja.

Hapa wapenda kujua sogeeni.

Maji mapya ya bahari yanaonekana masafi, unaweza ukadhani samaki ataishi humo kama mfalme. Ukimweka leo anakufa wiki hii. Samaki anakunya na kukojoa humohumo anamolala. Uchafu ule unageuka amonia, na amonia inamuunguza kuanzia mashavuni. Sasa kuna bakteria wanaoila hiyo amonia na kutoa kitu kinaitwa nitrite, ambacho nacho ni sumu. Halafu wapo bakteria wengine wanaokula nitrite na kutoa nitrate, hiyo samaki anaivumilia kwa kiasi. Hao bakteria ndio wenye nyumba. Samaki ni mpangaji tu. Huwezi kumleta mpangaji wakati mwenye nyumba hajahamia.

Na hawaonekani. Wanaota wenyewe juu ya mawe, kwenye mchanga na kwenye sponji ya filta, mradi uwape chakula. Mimi niliwawekea kipande cha kamba, yule wa baharini anayeliwa, kikaoza humo ndani. Nyumba ilinuka, sitaki kusema uongo. Nikaagiza na kit ya kupimia kutoka Dar, ina vichupa vya dawa na vitubu vya kioo. Unatia maji ya tangi, unadondosha dawa, unasubiri rangi itulie, unalinganisha na kadi. Amonia ikiwa njano maana yake haipo. Ikiwa kijani, ipo. Nitrite ikiwa bluu nyepesi ni salama, ikienda zambarau bado.

Pembeni kidogo kwa mafundi wenzangu: kujazia maji yaliyopungua, msije mkatumia maji yanayodondoka kwenye AC. Nilishawishika sana, maana ninayo bure na yanaonekana masafi kuliko ya dukani. Yale yamepita kwenye shaba, na shaba inaua viumbe wengi wa baharini. Tumieni maji ya mvua yaliyokingwa vizuri. Na msijazie maji ya chumvi, chumvi haipandi mawinguni, kinachopungua ni maji tu.

Tuendelee.

Kosa langu lilianzia hapa. Mtandaoni nilisoma kwamba tangi hutulia kwa wiki nne mpaka sita. Sasa wewe Mswahili ukiambiwa wiki sita unasikia nini? Unasikia arobaini. Mzazi anatoka ndani kwa arobaini. Marehemu ana arobaini yake. Hata mwizi tunamwambia arobaini zako zitafika. Jirani yangu akaja kuangalia tangi, nikamweleza, akasema basi na hili lina arobaini, halina tofauti na mzazi. Tukakubaliana kabisa, watu wazima wawili, tumesimama mbele ya maji.

Nikahesabu. Arobaini ya tangi ikaangukia palepale likizo inapoanza. Nikaona hii ni kheri ya Mwenyezi Mungu mwenyewe. Nikamweka sawa muuza samaki wa Dar, tukaelewana siku ya kuwapakia kwenye basi.

Huku nikisubiri, nikaiandaa nyumba. Nguo za Asha zilishagawiwa baada ya arobaini yake kama ilivyo desturi. Vilibaki vitu vidogovidogo, kikombe chake, kioo chake cha kujitazamia, picha yake ya ukutani, mkeka aliokuwa anapenda kukalia. Vyote nikawapa dada zake. Nikapaka rangi upya. Nikabadilisha mapazia. Nilisema mtoto asije akakuta kitu cha kumliza.

Na tangi nalo nililitunza. Mimi ni mtu wa usafi, friji ya mteja nairudisha inang'aa kuliko siku aliyoinunua. Kila Ijumaa nilikuwa natoa sponji ya filta, imejaa utelezi wa kahawia, naipeleka bombani naisugua mpaka inakuwa nyeupe. Nilikuwa naisifia kabisa.

Wanaojua wameshashika kichwa hapo. Subirini.

Arobaini ikafika. Nikapima.

Kijani. Tena kijani cha kukoza. Nitrite hakuna kabisa, maana yake hata bakteria wa kwanza hawajaanza kazi.

Nikampigia muuza samaki, akasema clown ni mgumu huyo mkuu, wewe weka tu atazoea. Nataka mjue kwamba nilitaka kumwamini. Nilimwambia pakia kesho. Nilijua kabisa kadi inasema nini na bado nikamwambia pakia, kwa sababu mwanangu alikuwa anakuja mchana uleule.

Salumu akamleta kwa pikipiki. Zuhura amerefuka. Akashuka, akanipa shikamoo, akasimama mlangoni kusubiri akaribishwe. Wakuu, mtoto wako mwenyewe asimame mlangoni kwenye nyumba aliyojifunza kutembea, asubiri umwambie karibu. Nikasema karibu mama, pita.

Alizunguka. Chumbani, jikoni, uani, akarudi sebuleni. Akaja mbele ya tangi, akaliangalia, akauliza samaki wako wapi. Nikamwambia kesho wanakuja. Akaona vile vichupa, akauliza ni dawa za nani.

Nikamwonyesha kupima. Alipenda sana, kwenye hilo ni mtoto wa fundi haswa. Anahesabu matone mdomo umefungwa, anatikisa kitubu, anakiweka kwenye kadi. Akauliza kijani maana yake nini. Nikamwambia maana yake humo ndani bado kuna sumu.

Akasema, "Halafu kesho unaleta samaki."

Hakuuliza, alisema tu. Nilitoka nje nikampigia muuzaji nikamwambia asitishe. Alinisema sana, ana haki yake.

Basi likizo ikaenda bila samaki. Mbinu yangu yote ikawa imekufa. Tulipika, tulienda sokoni, nilimpeleka kwenye kazi zangu mbili tatu. Alikuwa na adabu sana. Adabu ile ndiyo iliyokuwa inanikatisha tamaa, maana Zuhura ninayemjua mimi alikuwa mkorofi.

Ikafika Ijumaa. Niko bombani nasugua sponji yangu kama kawaida, yeye amekaa juu ya ndoo ananitazama. Akasema:

"Baba, wewe unaosha kila kitu."

Nikadhani ananisifu. Nikasema usafi ni muhimu.

"Humu ndani hakuna kitu cha mama hata kimoja."

Nilibaki na sponji mkononi, maji yanachuruzika miguuni. Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa atalia. Akaniangalia kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto aliyejibu hesabu vibaya, akasema, "Malolo tunalia na bibi, halafu tunakula."

Basi. Aliingia ndani kuendelea na mambo yake.

Jioni ileile nikawa nasoma tena zile kurasa za mtandaoni, safari hii bila haraka. Nikakuta maneno ambayo nilikuwa nimeyaruka: sponji haioshwi kwa maji ya bomba. Dawa ya bomba inaua bakteria, na ule utelezi wa kahawia ndio wenyewe hao tunaowasubiri. Ikiziba sana unaikamua ndani ya maji ya tangi na kuirudisha na uchafu wake. Yaani kila Ijumaa nilikuwa nawaua kwa mikono yangu, halafu nakaa nawahesabia arobaini.

Nilicheka, halafu sikucheka tena. Nilikwenda kwa shemeji yangu mmoja, dada yake Asha anayekaa hapa mjini, nikamwomba ile picha. Akanipa bila kuniuliza. Nikaitundika palepale ilipokuwa. Zuhura alipoamka aliiona, akainyoosha maana niliipinda, akaenda kunywa chai.

Siku ya kuondoka nikajikaza nikamuuliza kama angependa kubaki. Nilikuwa nimejiapiza sitauliza. Akasema, "Bado, Baba." Kwa upole kabisa. Salumu akampakia, wakaondoka.

Ijumaa iliyofuata nataka kupima tangi, kit haipo. Nimepekua kabati, nimepekua begi la spana, mpaka chini ya kitanda. Nikapiga simu Malolo nimuulize mtoto aliiweka wapi. Mama mkwe akaanza kucheka kabla sijamaliza, akampa simu.

Zuhura akasema anayo yeye. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Ukibaki nayo utaweka samaki kabla. Niletee maji nitakupimia."

Kuna mtu atauliza kwa nini sikuagiza kit nyingine, Dar zipo. Zipo. Sikuagiza.

Jumamosi nikachota maji ya tangi kwenye chupa, nikawasha pikipiki, nikaenda Malolo.

Njia nzima watu walikuwa wanapuliza mikorosho, salfa, ile dawa ya unga wa njano, imetanda, nikafika nimekuwa wa manjano kichwa kizima. Zuhura alinicheka. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu mama yake yuko hai. Akanipangusa kwa khanga ya bibi yake, akachukua chupa, akaketi barazani na vitubu vyake. Watoto wa jirani wamemzunguka, yeye anawafukuza wasimtikise.

Ikawa kila Jumamosi. Malolo wakanipa jina, Bwana Maji. Salumu ana mdomo mchafu, akawa ananiuliza mbele za watu kama Nachingwea wamesikia Malolo hakuna kisima. Mama mkwe alinitetea, akasema mwacheni mkwe wangu, kuna wanaume hawaleti hata hayo maji.

Najua wataalamu mtasema sampuli ikikaa njiani inabadilika. Inabadilika kidogo, najua, ila kwa kazi yetu ilitosha.

Sasa sikilizeni. Ukishadondosha dawa, rangi haiji papo hapo, inataka dakika kadhaa itulie. Dakika hizo huna la kufanya. Mnakaa tu mnaangalia kioo. Siku ya kwanza Zuhura aliniuliza, mama alikuwa anaitikaje simu pale mapokezi? Nikamwigizia, ile sauti yake ya kizungu aliyokuwa anaivaa kwa ajili ya wageni. Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta macho, halafu hakuwa anacheka tena, na mimi pia. Tulilia wote watatu barazani mchana kweupe. Halafu tukala ugali na mlenda.

Tangu Asha aondoke nilikuwa sijataja jina lake kwa sauti. Ikawa kila Jumamosi rangi ikisubiriwa nadaiwa kisa kimoja. Siku aliyounguza wali wa wageni wangu akasema ni mapishi ya kikwao. Siku aliyonikataa, kabla hajanikubali. Visa vingine Zuhura anavijua, ananisahihisha.

Na rangi zikawa zinasogea. Safari hii sponji sikuigusa. Kijani kikapauka. Halafu nitrite ikapanda, zambarau ya kukoza, Zuhura akaogopa tumeharibu. Nikamwambia hapana, hiyo ndiyo njia, bakteria wa kwanza wameshafika, tunasubiri wa pili. Kioo kikaota utando wa kahawia, nao nikauacha. Mikorosho ikatoa maua. Nitrate ikaanza kuonekana. Zambarau nayo ikaanza kufifia.

Jaribio la mwisho ni hili, lishikeni. Unalipa tangi chakula cha kutosha kama kwamba lina samaki, unaliacha saa ishirini na nne, halafu unapima. Likikuonyesha amonia hakuna na nitrite hakuna, maana yake limekula lote lenyewe. Hapo liko tayari. Haijalishi limekaa wiki ngapi.

Nikalilisha Ijumaa asubuhi. Jumamosi asubuhi nikachota maji, nikaenda.

Zuhura akadondosha dawa kama kawaida. Nikatoa kisa changu. Rangi ikatulia. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa jua, vitubu viko kati yangu na mwanga. Kusoma geji ndiyo kazi inayonilisha, wakuu, siwezi kukosea rangi.

Njano. Safi kabisa. Na cha pili bluu nyepesi.

Moyo ulinipasuka kwa furaha, nikawa nafungua mdomo. Zuhura alikuwa ameshika kitubu cha njano amekiegesha kwenye kadi. Alikiangalia kwa muda mrefu, muda mrefu kuliko siku zote. Halafu akakificha nyuma ya goti, akaanza kukimwaga taratibu chini.

"Bado, Baba," akasema. "Lete tena Jumamosi."

Hakuniangalia usoni. Mama mkwe alikuwa anamenya karanga, akasimamisha mkono, akanitazama.

Nikamwambia Zuhura, "Sawa, mama. Bado."

Mama mkwe akaendelea na karanga zake.

Hiyo ilikuwa kabla mabibo ya mikorosho hayajaanza kuanguka. Sasa yanaanguka na mimi bado napeleka maji. Tangi ni zima, nalilisha kila siku ili bakteria wasife njaa. Jirani anasema nimepata wazimu, nalisha maji matupu. Muuza samaki ananipigia, namwambia bado. Na kila Jumamosi naiona njano kwa macho yangu mawili, na kila Jumamosi naambiwa bado, nasema sawa.

Siku moja tukiagana nilimwambia, kwa kuzunguka zunguka, kwamba hata tangi likiwa tayari mimi Malolo nitakuja tu, hata mikono mitupu. Akasema najua. Jumamosi iliyofuata akasema bado.

Basi wadau, somo la tangi ni hilo: msihesabu arobaini, pimeni, na msiwe wasafi kupita kiasi. Hilo nina uhakika nalo na nipo tayari kujibu swali lolote.

La mtoto sina kipimo. Namkumbuka mama yake kila siku, na mwanangu namtamani nyumbani mpaka nikisikia pikipiki nje nainuka. Lakini ule muda wa barazani, kitubu mkononi, ndiyo muda pekee wa wiki ninaokuwa na familia. Na nadhani hata kwake ni hivyohivyo.

Wenye watoto wanaolelewa mbali nanyi, na nyie mliolelewa na bibi mkawa mnamsubiri baba Jumamosi, nawaomba sana mkomenti. Nimwambie kwamba niliona? Au nikae kimya mpaka siku atakayosema mwenyewe "njano"?

Matusi sijibu. Na mtakaojibu kesho mniwie radhi nikichelewa kuwasoma, kesho ni Jumamosi.